Gesi ya Mama Majani

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya ringi mbili za lori, kando ya kibanda cha Spoku, fundi baiskeli, ng'ambo ya kituo cha kukusanyia maziwa. Saa mbili asubuhi, wafugaji wakishapimiwa maziwa yao na kurudishiwa makopo yaliyosuuzwa, wapo ambao hawaendi nyumbani moja kwa moja. Wanavuka barabara, wanakaa, na Mama Kahawa anawamiminia. Mwisho wa kushoto, penye kivuli, hukaa Lita, aliyepata jina hilo mwaka ule ng'ombe wake mmoja alipotoa lita thelathini na moja kwa siku, na tangu hapo habari hiyo haijapoa mdomoni mwake. Mwisho wa kulia hukaa Daktari, ambaye si daktari. Alimbebea daktari wa mifugo begi kwa miaka miwili, na begi likamwingia kichwani. Asubuhi hiyo Lita alikaa upande upande, ameupa mgongo ukuta wa kituo, na kahawa yake ilikuwa inapoa bila kuguswa.

— Geuka, bwana. Picha haiumi — alisema Spoku, macho yakiwa kwenye tairi alilokuwa akiliziba.

— Nani kasema inauma?

— Shingo yako.

Kwa miaka sita ukuta ule ulibeba picha ya Lita, ameshika kopo la maziwa kama mtu aliyeshika kombe, na chini yake maneno Mfugaji wa Mfano. Jana karani wa kituo alipanda kiti, akaishusha, akapachika nyingine. Ya Mama Majani. Amesimama kati ya ng'ombe wake, anacheka mpaka jino la nyuma linaonekana. Ng'ombe watatu! Lita ana wanane. Na afadhali angepitwa na mtu baki. Mama Majani ni dada yake mdogo, tumbo moja, ziwa moja. Baba yao alipofariki, Lita alichukua zizi na ng'ombe sita. Dada alipewa mtamba mmoja mwenye mguu mbovu, na wakubwa wa ukoo wakasema hata huyo ni kwa huruma tu.

— Eti mazingira! — alisema Lita hatimaye. — Mtu umewaletea maziwa miaka yote, jua na mvua, leo wanakwambia hawatazami lita peke yake, wanatazama mazingira. Mazingira yanatiwa kwenye chai?

— Yanatiwa — alidakia Mama Kahawa, akipepea makaa. — Hakuna mvua, hakuna majani. Hakuna majani, utakamua nini? Pembe?

— Wewe mimina kahawa.

— Namimina. Lakini na masikio pia ninayo.

Daktari akakohoa. Akikohoa Daktari, watu husogea karibu, si kwa sababu anajua, ila kwa sababu hakuna ajuaye kitakachotoka.

— Siri ya yule mama ninayo mimi. Ng'ombe mnamwona anavyocheua? Kila akicheua, anabeua. Mbeuo ule una hewa, inapanda juu, inalifunika anga kama blanketi, dunia inapata joto. Hewa yenyewe inaitwa methani.

— Methali? — aliuliza Spoku.

— Methani!

— Maana methali unatoa wewe. Nilitaka kujua ng'ombe anatoa nini.

— Nisikilizeni. Mama Majani anawakatia ng'ombe wake majani machanga, anayachanganya na mikunde, wanasaga vizuri tumboni, wanabeua kidogo. Hiyo ni elimu. Sasa jiulizeni, hewa isiyotoka mdomoni inakwenda wapi? Wahenga walisema, ng'ombe haelemewi na nunduye. Inakaa nunduni!

— Ng'ombe wa maziwa wale hawana nundu.

— Ndiyo ujue imeshatumika yote — alijibu Daktari, hata kope hakupepesa.

Lita alicheka pamoja nao, lakini kicheko kiliishia kwenye meno. Ukweli ni kwamba alikuwa anajua mambo ya kwa dada yake kuliko wote waliokaa pale. Kila asubuhi, akipita na makopo yake, hupunguza mwendo kwenye ua wa miti ya malisho aliyoipanda dada, na penye upenyo huchungulia. Amehesabu mistari ya majani ya tembo. Ameona tangi la maji ya mvua, ameona kuba la saruji lililochomoza ardhini kama kichwa cha kobe, na bomba linalotoka hapo kuingia jikoni. Juzi mkewe, macho mekundu kwa moshi wa kuni mbichi, alimwambia bila ubaya wowote: «Wifi yangu siku hizi hapulizi moto. Anafungua koki tu.» Lita hakula kikashuka siku ile.

— Mimi hilo kuba ndilo linalonitisha — alisema Spoku. Sasa alikuwa ameweka tairi chini. — Fikirini kama mafundi. Mavi yanaingia, moto unatoka. Kila siku moto unatoka! Kitu kikitoka, lazima mahali fulani kitu kinapungua. Ng'ombe hawapungui, wananenepa. Sasa kinachopungua ni nini?

— Nini?

— Ardhi. Lile shimo linaila ardhi chini kwa chini, taratibu, linasogea huku. Siku moja mtaamka, benchi hili mtalikuta jikoni kwake.

— Haba na haba hujaza kibaba — alisema Daktari kwa uchungu.

— Sasa kibaba hapo kinajaa au kinapungua?

— Inategemea uko upande gani wa shimo.

Hata mwenye mgahawa wa pale jirani, aliyekuja kuchukua baiskeli yake, alisahau baiskeli akakaa. Daktari alipoona wasikilizaji wameongezeka, naye akaongeza moto.

— Na hiyo mbona ndogo. Kule juu kuna chombo kinazunguka dunia, kazi yake kuhesabu mibeuo. Ng'ombe akibeua huku, taa inawaka kule. Kuna kampuni za mbali zinanunua ile hewa ambayo ng'ombe hakubeua.

— Zinanunua hewa ambayo haipo? — aliuliza mwenye mgahawa.

— Hiyo ndiyo ghali. Sasa Mama Majani taa yake haiwaki. Lakini kwa Lita, bwana wee, ng'ombe wanane, majani makavu kama ufagio, kule juu ni nyekundu tupu! Wanadhani kuna mji unaungua.

Benchi zima likacheka. Lita alihisi masikio yakipata moto. Alifungua mdomo ajibu, akaufunga, kwa sababu mwenye kusemwa alikuwa anavuka barabara.

Mama Majani alikuwa anasukuma baiskeli yenye makopo mawili matupu, sketi ameifunga fundo pembeni, viatu vya mpira vimejaa tope la bustani. Alisimama mbele yao, akainama kidogo.

— Hamjambo jamani? Shikamoo kaka.

— Marahaba — Lita alikiambia kikombe chake.

— Jana nilipita nyumbani, wifi akaniambia umetoka. Kaka, wale wageni waliokuja kutazama ufugaji waliniuliza nani alinifundisha kukamua. Nikawaambia ni kaka yangu. Nikawasimulia ulivyokuwa unanishikia mkia wa ng'ombe asinichape nao usoni, mimi nikiwa na miaka saba. Walifurahi hao! Alhamisi wanarudi, wanataka kukuona.

— Nitaangalia nafasi.

— Uje, kaka. Tangu nijenge ule mtambo hujautia jicho hata siku moja.

Aliyekuwa ameutia jicho kila siku alijibu:

— Kazi nyingi.

— Najua. Basi nawatakia asubuhi njema.

Akaondoka, makopo yakigongana nyuma ya baiskeli. Na hapo ndipo palipomchoma Lita. Dada yake angekuja kumsimanga, angemjibu. Maneno ya masimango anayo ya kutosha. Angejivuna, angemcheka. Lakini kamtaja kwa wageni! Kamgawia sifa kama mtu anavyomgawia jirani mchicha uliobaki shambani. Hata wema wa dada ulikuwa mkubwa kuliko wake.

— Dada ana heshima, huyu — alisema mwenye mgahawa.

— Heshima? — Lita aliruka. — Amekuja kunicheka, hukuona?

— Sikuona akicheka.

— Anachekea ndani! — Kisha sauti yake ikashuka, na neno likatoka lenyewe, kama maziwa yanayofurika mtu akigeuza kisogo. — Sikutaka kusema, ni damu yangu. Lakini maziwa yake yananuka.

— Yananuka nini?

— Gesi. Nimeinusa mwenyewe kopo likiwa wazi. Karani anajua, anamsitiri tu.

Spoku aliacha kufanya kazi. Daktari macho yalimng'aa. Alikuwa amepata bure kitu ambacho angetaabika kukitunga.

— Si niliwaambia! Hewa isiyobeuliwa! Imepitia kwenye chuchu!

— Lita — alisema Mama Kahawa polepole — maziwa niliyowatilia kwenye kahawa jana yalikuwa yake. Ulikunywa vikombe viwili. Mbona hukusema?

— Kahawa ina harufu kali.

Mwenye mgahawa alikuwa ameshasimama. Alishika usukani wa baiskeli yake, akatikisa kichwa.

— Mimi wateja wangu wakisikia harufu, nimekwisha. Bora nimwambie leo hii asiniletee tena.

Akaenda zake. Lita alimtazama mpaka akapinda kona. Alitegemea kupata utamu, na kweli aliupata, lakini ulikuwa utamu wa muwa uliooza: wa kwanza tu, halafu unatafuta pa kutemea.

Ndipo alipotokea mgeni. Alikuwa mama wa makamo, ana buti za mpira zilizolowa mpaka magotini, khanga ameikaza kiunoni, mkononi chupa ya plastiki. Alikuwa amechoka. Aliomba kukaa, wakamsogezea nafasi. Akaiweka chupa juu ya ubao, kati ya vikombe.

— Karibu, mama — alisema Spoku. — Umekuja na kahawa yako mwenyewe? Mbona imepoa?

— Si kahawa, mwanangu. Ni maji ya kunywa.

Spoku alicheka, kisha akaona kwamba mgeni hacheki. Aliichukua chupa, akaiinua penye jua. Maji yalikuwa ya kahawia, na chini kulikuwa na kitu kama makapi ya majani yaliyokwisha tafunwa. Hakufungua kizibo. Aliirudisha pale pale, taratibu.

— Mimi ni mlinzi wa tangi la maji la kijiji cha chini, kule bondeni — alisema yule mama. — Mwezi wa pili sasa kijito kinatuletea haya. Tunayachuja kwa kitambaa, tunayachemsha, bado. Kwangu mimi peke yangu wameugua watatu, matumbo. Nikasema leo nitakifuata kijito mpaka nijue. Nimetembea tangu alfajiri. Kila ninapouliza, naambiwa panda juu zaidi. Sasa nimefika juu. Kwa hiyo naomba mniambie tu, huku kwenu mavi ya ng'ombe yanakwenda wapi?

Swali dogo hivyo! Watu waliojua hewa ya ng'ombe inavyopaa mpaka angani, inavyohesabiwa na kununuliwa, walikaa kimya kama waliomwagiwa maji. Spoku aliizungusha pedali ya baiskeli isiyokuwa na ubovu. Mama Kahawa alimtazama Lita, kisha akautazama moto wake. Maana kila mtu pale alijua zizi gani liko juu kabisa ya kijito, na mfereji gani unashuka kutoka zizini humo. Mkewe Lita hulifagia zizi kila asubuhi, anamwaga ndoo kumi za maji, na vyote huteremka. Alifanya hivyo mama mkwe wake kabla yake. Ila yeye alianza na ng'ombe wawili tu.

Daktari ndiye aliyeshindwa kuvumilia kimya.

— Kidole kimoja hakivunji chawa — alisema, na kidole hicho kimoja akakinyoosha kuelekea kwa Mama Majani. — Yuko mama mmoja, nyumba ile yenye ua wa miti. Ana shimo kubwa la mavi, ameyakusanya humo mpaka yanatoa gesi. Hata maziwa yake yananuka. Wala si uzushi, huyu hapa ni kaka yake, amenusa kwa pua yake.

Mgeni alimgeukia Lita.

— Ni kweli, baba? Maana nikihakikisha, kamati yetu itakuja hapa kituoni. Tutaomba maziwa ya mtu huyo yasipokewe mpaka atengeneze. Hatuna ugomvi na mtu, tunataka maji.

Hilo hapo. Jambo ambalo Lita alikuwa akilitamani usiku na mchana, bila kuthubutu hata kuliombea, lilikuwa limekuja benchini kwa miguu yake lenyewe. Hakutakiwa hata kusema. Kuitikia kwa kichwa tu kulitosha. Mgeni angeenda kugonga kwa dada yake, kungetokea kelele, karani angepanda tena kiti chake. Lita aliona kabisa ukuta ule ukiwa mweupe, unasubiri.

Lakini alikuwa amechungulia mno. Upenyo wa ua ulikuwa umemwonyesha kila kitu, sasa alikuwa hawezi kujifanya hakuona. Kule kwa dada hakuna tone linalotoka. Mavi yanaingia kwenye kuba, uji unaobaki unabebwa kwa ndoo mpaka kwenye majani ya tembo, majani yanarudi kwa ng'ombe. Alikuwa amesimama pale asubuhi ngapi akitafuta kosa, walau ufa mmoja? Hakuna shahidi mzuri wa usafi wa mtu kama mwenye wivu naye.

Alikitazama kile kichupa. Akamtazama yule mama, kucha zake za miguu zilizokuwa nyeupe kwa maji pale alipovua buti moja kuikung'uta.

— Yangu yanakwenda kwako, mama — alisema.

— Umesemaje?

— Mavi ya ng'ombe wangu. Wako wanane. Yanashuka mferejini, yanaingia kijitoni, yanakuja kwako. Ya dada yangu hayaendi popote.

— Lita! — Daktari alishtuka. — Na ile harufu?

— Niliitunga. Mama Kahawa, mwenye mgahawa akipita mwambie Lita kasema aliitunga. Ama nitamwambia mwenyewe. — Akasimama. — Twende, mama, nikuonyeshe.

Nyuma yao Daktari alisikika akitafuta methali ya kufungia, akaanza tatu, hakumaliza hata moja.

Nyumbani, yule mama hakumkaripia. Lita alikuwa amejiandaa kukaripiwa. Alisimama tu kwenye ukingo wa mfereji, akautazama ulivyonyooka, mweusi, unang'aa, mpaka chini kwenye maji. Kisha akamuomba mkewe Lita jembe. Mkewe Lita alimtazama mumewe, hajaelewa, lakini jembe akalileta. Mgeni akaanza kuchimbua udongo na kuuziba mfereji, na baada ya majembe matatu Lita alimpokonya, akaona haya kumwacha mtu wa mbali afanye kazi ya zizi lake. Wakaziba. Samadi ikaanza kujaa nyuma ya udongo, inatafuta njia.

— Hiyo ni ya leo tu — alisema mgeni. — Kesho itapasuka.

— Najua.

— Sasa utafanyaje?

Lita alijua la kufanya, na ndilo lililokuwa chungu kuliko yote yaliyotangulia. Kukiri mbele ya mgeni ni jambo moja, mgeni huondoka. Aliliweka jembe begani, akamuaga yule mama kwa adabu zote, akampa neno lake kwamba kabla ya mvua kijito kitakuwa safi. Halafu akaenda. Safari hii hakusimama kwenye upenyo. Alizunguka mpaka mlangoni, akabisha hodi.

Dada yake alikuwa anakatakata majani, panga linaruka tap tap juu ya gogo. Akaliacha panga, akakurupuka.

— Kaka! Karibu, karibu ndani! Kuna nini? Wifi mzima?

— Mzima. — Lita alilitazama kuba la saruji, kwa karibu, bila majani kumziba macho. Lilikuwa dogo kuliko alivyodhani, na hilo lilimuumiza vilevile. — Nimekusema vibaya leo, pale kijiweni. Utayasikia. Si ya kweli.

Mama Majani alijifuta mikono kwenye sketi, kidole kimoja baada ya kingine, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na cheko.

— Mwenye mgahawa ameshapita hapa — alisema. — Hakuniambia ni wewe.

— Nitakwenda kwake.

— Nenda leo.

— Leo.

Ng'ombe mmoja alibeua, taratibu, na wote wawili wakamgeukia kwa kukosa pengine pa kutazama.

— Shimo lako lina kina gani? — aliuliza Lita.

— Futi nane. Kwa nini?

— Nauliza tu.

Alipita mgahawani, akasema alichotakiwa kusema, mbele ya wateja, akatoka bila kungoja jibu. Kabla ya adhuhuri alikuwa amevua shati nyuma ya zizi lake, anachimba. Mkewe alisimama juu ya ukingo na kikombe cha maji, akamuuliza anachimba kaburi la nani. Fundi wa mitambo ya gesi alimwambia Lita baadaye kwamba kina cha futi nane kinatosha, kwamba kwa ng'ombe wengi mtu huongeza upana. Lakini Lita alikuwa ameshajiapia kwamba hatoki humo mpaka afike tisa.